Kiti cha kunesa cha mtoto mchanga: jinsi ya kukichagua na kukitumia nyumbani

Kuna saa ambazo mikono miwili haitoshi nyumbani. Maji ya uji yanachemka, nepi zimelowekwa kwenye beseni, dada ametumwa sokoni, na mtoto wa miezi miwili yuko macho. Hana njaa wala usingizi, hataki tu kuwa peke yake. Ukimbeba mgongoni atatulia, lakini jiko la mkaa haliinamiwi na mtoto mgongoni, na bafuni huingii naye. Dakika kama hizo ndizo zilizokiingiza kwenye nyumba zetu kiti cha kunesa, kile ambacho wauza vitu vya watoto wa Kariakoo wanakiita bebi baunsa.

Ni kifaa chepesi: fremu ya bomba jembamba au waya mnene uliopindwa, juu yake kitambaa kilichovutwa kama machela, na mkanda wa kumfunga mtoto. Mtoto anakaa nusu amelala nusu ameketi, na akirusha miguu fremu inanesa. Wala si kitu cha jana. Kampuni ya BabyBjörn ya Uswidi ilianza na kiti cha aina hii mwaka 1961, kabla haijajulikana kwa mbeleko zake.

Mimi nakisifu kwa kazi moja tu: kumkalisha mtoto aliye macho, sakafuni, mbele yako, kwa muda mfupi. Hatari zake kubwa huanza pale mojawapo ya hayo manne linapoachwa: mtoto akiachwa alale humo, kiti kikipandishwa mezani, mlezi akitoka chumbani, au dakika zikigeuka saa. Yote yatakayofuata yanazunguka hapo.

Hatua ya 1: Jiulize kama unakihitaji

Nyumba yenye bibi, shangazi na binamu wa kutosha haina haja nacho. Mtoto anapita mikono hadi mikono mpaka jioni. Anayekihitaji ni mama anayeshinda peke yake na mtoto, mama wa mapacha, baba aliyeachiwa zamu ya asubuhi, au mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji ambaye kila akiinama mshono unamkumbusha. Kumbuka pia kwamba kiti hiki hakidumu na mtoto. Utakitumia miezi michache, kisha kitageuka kitu cha kujikwaa nacho usiku. Ndiyo maana wenye busara huazimana.

Kama pesa ni ya kubana, nunua mkeka mpana na chandarua kizuri. Mtoto aliyelazwa chali juu ya mkeka, kanga safi chini yake, hana pa kuangukia na anapiga miguu atakavyo. Kiti kibovu ni kibaya kuliko kukosa kiti.

Mtoto njiti, au aliyezaliwa na uzito mdogo, asiwekwe kwenye kiti hiki mpaka mhudumu wa kliniki aseme sawa. Shingo yake bado ni dhaifu mno, na kwake kifua cha mama, njia ya kangaruu waliyokufundisha wodini, kinashinda kiti chochote.

Hatua ya 2: Jua ni kipi hasa unachokitafuta

Dukani utaonyeshwa vitu vinne tofauti kwa jina moja.

Cha kwanza ni chenyewe: fremu inayonesa kwa nguvu za mtoto au kwa mguu wako, bila umeme wala betri. Hicho ndicho ninachokipendekeza. Kikatike umeme, kiishe chaji, chenyewe kinafanya kazi.

Cha pili ni hichohicho kikiwa kimeongezewa kisanduku cha betri kinachotetemesha kiti na kuimba. Mtetemo huwatuliza baadhi ya watoto, wengine hauwagusi. Muziki ni wa kumfurahisha mnunuzi zaidi. Ukikichukua, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, na usikubali kabisa vichezeo vinavyotumia zile betri bapa za saa ambazo ukucha unaweza kuzichomoa. Betri hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo la mtoto ndani ya saa 2, na kaka yake wa miaka miwili ndiye atakayeichomoa.

Cha tatu kina miguu iliyopinda chini, kinayumba mbele na nyuma, na sanduku lake linaahidi kwamba kitatumika tangu kuzaliwa hadi miaka kadhaa. Cha nne ni bembea ya mota inayoning'inia kwenye nguzo zake. Ni kubwa, ya gharama, na sebule zetu nyingi haziimezi.

Kuna pia vile vya kuning'iniza mlangoni mtoto arukeruke, na vigari vya magurudumu vya kujifunzia kutembea. Hivyo havimo kwenye mwongozo huu, ila kwa vigari nitasema moja: Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004, havitengenezwi wala haviuzwi huko. Kwa mtoto wa nyumba yenye ngazi au jiko la chini, naona walifanya vizuri.

Hatua ya 3: Chukua kadi ya kliniki kabla ya kutoka

Uzito ulioandikwa kwenye kadi ndio utakaokuchagulia. Viti vingi vya aina hii vina kikomo cha kilo 9 au karibu na hapo, na baadhi vina kianzio pia, kilo 3.5 kwa mfano. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani huzaliwa na kilo 3.2 akiwa wa kike na 3.3 akiwa wa kiume. Kwa hiyo hata mtoto mwenye afya tele anaweza kuwa hajafikia kianzio siku anayotoka hospitali. Wiki chache za kusubiri hazimdhuru.

Ila usiutegemee uzito peke yake kujua lini uache. Mtoto wa kiume wa wastani anakaribia kilo 9 akiwa na miezi kama 9, na kukaa bila kushikwa wengi wanaanza kabla ya hapo. Wastani ni miezi 6, wengine miezi 4, wengine 9. Na kinachokifanya kiti hiki kuwa hatari kwa mtoto mkubwa ni pale anapoweza kujiinua, kuegemea mbele na kukipindua pamoja naye. Kwa hiyo dalili ya kuangalia ni mwili wake kuliko mizani.

Hatua ya 4: Kikague dukani kwa mikono yako

Hapa usione haya. Mwambie muuzaji akitoe kwenye sanduku na akiunge, kisha kiweke sakafuni.

Anza na kitako. Kinatakiwa kiwe kipana kuliko sehemu anayokaa mtoto. Kishike ubavuni ukisukume, kisha bonyeza ukingo wa mbele pale miguu ya mtoto itakapokuwa, halafu ukingo wa nyuma kichwani. Kikiinuka upande mmoja kirahisi, kiache. Chini ya fremu tafuta mipira ya kuzuia kuteleza. Nyumba nyingi siku hizi zina vigae, na juu ya kigae chenye maji fremu isiyo na mpira inasafiri yenyewe kila mtoto anapopiga miguu. Jaribio zuri ni mfuko wa mchele wa kilo 5: uvingirishe kwenye kanga, uulaze kitini, unese mara kadhaa kwa mkono. Utaona kama waya unajikunja, kama kitambaa kinabonyea mpaka kugusa chini, kama kiti kinahama. Muuzaji atacheka, lakini mchele atakuazima.

Kisha mkanda. Mzuri unapita kiunoni na katikati ya miguu. Bora zaidi una na mabegani. Huo wa katikati ndio unaomzuia mtoto asiteleze chini mpaka mkanda wa kiuno ufike shingoni. Mazungumzo ya dukani huwa hivi:

"Dada, chukua hiki. Kinaimba nyimbo kumi na mbili, mtoto analala mwenyewe."

"Asante kaka. Mkanda wa katikati ya miguu uko wapi?"

"Ah, huo wengi hata hawautumii, dada."

Hapo mrudishie kiti chake na usogee duka la jirani. Amekupa sababu mbili za kutonunua katika pumzi moja: mkanda haupo, na anakiuza kama kitanda.

Funga na fungua kifungo mwenyewe. Kinatakiwa kukataa vidole vya mtoto lakini kikubali mkono wako mmoja, maana mkono wa pili utakuwa umeshika kichwa chake. Pitisha kidole kwenye maungio yote ya fremu ukitafuta pa kufinya. Fremu zinazokunjwa ndizo zenye tabia hiyo. Lazima pia ziwe na kufuli, zisijikunje mtoto akiwa ndani.

Kitambaa kivuliwe, kifuliwe, kirudishwe. Kama hakivuliki, siku ya pili tu kitanuka maziwa. Kwa joto la Dar, Mombasa au Tanga chukua chenye mgongo wa neti. Vile vya sponji nene na plastiki ndani vinamtoa mtoto jasho mpaka anapata vipele. Lushoto au Limuru mambo ni mengine, sponji inavumilika.

Mwisho angalia maandishi. Kwenye sanduku au lebo chini ya kiti pawe na jina la mtengenezaji, modeli, tarehe ya kutengenezwa na kikomo cha uzito. Vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya huandikwa kiwango EN 12790, vya Marekani ASTM F2167. Kiti kisicho na lebo yoyote kinauzwa na mtu asiyetaka kutafutwa.

Hatua ya 5: Kama ni cha mtumba

Vingi ni vya mtumba, na si vibaya. Fremu ya chuma nzuri inalea watoto wanne. Lakini fanya yote ya hatua ya 4, kisha ongeza haya. Angalia kama mkanda ni wa kiti chenyewe au fundi ameshonea mwingine. Nyuzi zikiwa za rangi tofauti, uliza. Kunja kitambaa uone mshono wa ndani, hasa pale kinapoingia kwenye fremu, maana ndipo kinapochanika. Nusa uvundo. Bonyeza waya uone kama umepinda upande mmoja. Kiti kikiwekwa sakafuni kisilale ubavu kama boti iliyokwama.

Halafu andika jina la modeli kwenye simu ukitafuta kama iliondolewa sokoni. Vitu vya watoto vikikataliwa nchi moja huweza kuendelea kupita mikono nchi nyingine. Mfano mkubwa ni Rock 'n Play ya Fisher-Price, kitu kilichouzwa kwa ajili ya mtoto kulala akiwa ameinuka. Mwezi Aprili 2019 kampuni iliviondoa sokoni takriban milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30 tangu 2009. Ukikutana nacho kwenye rundo la mtumba, hata kikiwa kipya kabisa na bei ya kutupa, kipite.

Hatua ya 6: Tafuta mahali pake

Sakafuni. Si mezani, si kwenye kaunta ya jiko, si juu ya mashine ya kufulia. Mtoto wa wiki sita asiyeweza kujigeuza bado anaweza kukitembeza kiti kwa kupiga miguu tu, sentimita baada ya sentimita, mpaka ukingoni. Kitandani na kwenye sofa ni kubaya vilevile kwa sababu nyingine: kiti kinazama upande, kinapinduka, na uso wa mtoto unaishia kwenye godoro au mto bila njia ya kupumua.

Chagua sakafu tambarare, mbali na njia ya watu wanaopita na sufuria. Kiti kiwe mbali na jiko kiasi kwamba sufuria ikimwagika maji yasimfikie, na kisiwe upande moshi unakoelekea. Juu yake kusiwe na rafu, pasi wala televisheni iliyoegeshwa. Kamba ya pazia, waya wa feni na chaja ya simu vyote viwe nje ya mkono wake. Kama mnafuga kuku au paka, mnajua wenyewe. Na kabla ya kumweka uwanjani chini ya mwembe, angalia chini kama kuna siafu na juu kama kuna embe.

Mbu wakianza, tumia chandarua cha mwavuli kinachofunika kiti chote na kusimama mbali na uso wake. Usitandaze kanga au neti juu ya kiti ikamgusa, ataivuta. Chumba kilichopulizwa dawa ya wadudu kisubiri mpaka hewa itoke kabisa.

Kama kuna kitu cha kumwonyesha, msogeze karibu. Mtoto mchanga anaona vizuri vitu vilivyo sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni. Ukiwa umekaa kwenye kigoda unachambua mchicha, kiti kikiwa pembeni ya goti lako, atakutazama wewe.

Hatua ya 7: Mkalishe na umfunge

Fungua mikanda yote kwanza na uitupe pembeni, isije ikawa chini ya mgongo wake. Shikilia kichwa na shingo kwa mkono mmoja, makalio kwa mwingine. Makalio yatangulie, yaingie mpaka kwenye kona ya kiti, ndipo ulaze mgongo na kichwa. Makalio yakibaki mbele, mgongo unapinda na kidevu kinaanguka kifuani.

Kidevu ndicho kitu cha kukitazama kuliko vyote. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, misuli ya shingo bado haijapata nguvu, na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Kichwa kikiinamia mbele njia hiyo inajikunja, na mtoto halii wala hahangaiki, anakosa tu hewa kimyakimya. Kwa hiyo ukishamweka, pitisha vidole viwili kati ya kidevu na kifua. Vikikosa nafasi, kilaze kiti zaidi kama kina hatua za kulaza, au mtoe.

Usiongeze mto wala kanga iliyokunjwa nyuma ya kichwa. Inaonekana kama huruma, kumbe inakisukuma kichwa mbele, kulekule tunakokukimbia. Nyumba ikiwa ya baridi mfunike shuka jepesi kuanzia kiunoni kwenda chini baada ya kumfunga. Sweta nene na blanketi vikiwa chini ya mkanda, mkanda unaonekana umekaza kumbe una nafasi ya mtoto kuteleza.

Mkanda wa katikati uvute kwanza, kisha wa kiuno. Kidole kimoja kilicholala kipite chini yake. Mfunge kila mara, hata kwa dakika mbili, hata kama bado ni mdogo na hajitikisi. Siku atakayoanza kujitikisa haitangazwi.

Upinde wa vichezeo, kama upo, si mpini. Usibebe kiti kwa kuushika, na usikihamishe kiti chumba hadi chumba na mtoto akiwa ndani. Mtoe kwanza. Kamba za vichezeo ziwe fupi, zisiweze kuzunguka shingo.

Kunesa ni kazi yake mwenyewe. Jioni anapolia bila sababu inayojulikana, weka kidole gumba cha mguu kwenye ukingo wa fremu na ubonyeze polepole, mwendo wa pumzi. Wengi hutulia. Akiendelea kulia, mtoe umbebe, usiongeze kasi. Mtoto mwenzake wa miaka mitatu aruhusiwe kuimba na kuonyesha vichezeo, kunesesha hapana, kwa sababu yeye hajui polepole.

Hatua ya 8: Pima muda

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kwa watoto chini ya mwaka mmoja unasema mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa 1 kwa mfululizo. Kiti, kigari cha kusukuma, na hata mgongoni kwa mama, vyote wamevitaja. Mwongozo huohuo unataka mtoto asiyetambaa bado apate angalau dakika 30 kwa siku za kulazwa kifudifudi akiwa macho, kwa vipande vipande.

Saa hiyo 1 ni ukuta wa mwisho, si lengo. Piga hesabu kidogo. Mtoto wa miezi 0 hadi 3 anahitaji saa 14 hadi 17 za usingizi. Zilizobaki ni 7 hadi 10, na humo ananyonya, anaogeshwa, anabadilishwa nepi, anachezeshwa na kulazwa kifudifudi. Nafasi ya kiti ni ndogo. Dakika 10 hadi 20 kwa awamu moja, mara mbili au tatu kwa siku, zinatosha kusonga ugali, kuoga, na kunywa chai ikiwa bado ya moto.

Anayeshinda kitini kichwa kimeegemea palepale hupata kisogo bapa, na shingo na mgongo wake hukosa mazoezi. Akitoka kwenye kiti, mlaze kifudifudi kwenye mkeka au juu ya kifua chako hata dakika tatu.

Sasa suala la kucheua, kwa sababu wengi hununua kiti wakiambiwa kitazuia maziwa kurudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 kwenye jarida la New England Journal of Medicine ulilipima jambo hili ukakuta kiti kinazidisha tatizo badala ya kulipunguza. Ni rahisi kuelewa: mtoto mchanga hawezi kukaa wima, anajikunja katikati na tumbo linabanwa. Baada ya kunyonya mweke begani, mcheulishe, mshike wima kwa muda, kiti kije baadaye. Na usimlishe uji wala kumwachia chupa akiwa amelazwa humo.

Hatua ya 9: Akisinzia, mtoe

Hii ndiyo hatua watu wanayoichukia, na ndiyo nisiyoilegezea. Umemtuliza kwa shida, macho yamefumba, nyumba imenyamaza, halafu mtu anakwambia umwamshe. Mtoe hivyohivyo.

Mwezi Juni 2022 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitoa onyo kuhusu viti vya kuyumba vya Fisher-Price vya watoto wachanga, baada ya vifo 13 vilivyoripotiwa kati ya 2009 na 2021. Mwezi mmoja kabla, sheria ilikuwa imesainiwa huko kupiga marufuku vifaa vya kulalia watoto vyenye mwinuko unaozidi digrii 10. Ukitaka kujua kiti chako kiko wapi, simu nyingi zina programu ya kupimia usawa kama ile ya mafundi. Ilaze simu pale unapolala mgongo wa mtoto. Karibu viti vyote vya kunesa vinapita digrii 10 hata vikilazwa mpaka mwisho. Usingizini misuli inalegea, kichwa kinaanguka, na hapo ndipo kidevu kinapokutana na kifua bila mtu kuona.

Namna ya kumtoa bila vita: fungua mkanda kwanza, taratibu, ukizuia kifungo kisitoe mlio kwa kukifunika na kiganja. Ingiza mkono mmoja chini ya shingo na kichwa, mwingine chini ya makalio. Mvute kifuani kwako, simama, usiinue haraka. Subiri pumzi chache. Kitandani shusha makalio kwanza, kisha mgongo, kichwa mwisho, na uache mkono juu ya kifua chake kidogo kabla ya kuuondoa. Alale chali, kwenye godoro gumu na tambarare, ndani ya chandarua, bila mto. Vile vimito vyenye tundu katikati vinavyouzwa kwenye seti za zawadi viwekeni kabatini. Sofa isiwe mbadala. Kwa mtoto aliyelala ni mbaya kuliko kiti.

Ukimkuta kichwa kimeanguka, amelegea au midomo imebadilika rangi, mtoe mara moja, mlaze chali mahali pa tambarare, mwite na umguse nyayo. Asipoitikia au asipopumua vizuri, anza huduma ya kwanza kama unaijua, paza sauti upate msaada, na mkimbizeni hospitali bila kusubiri.

Haya yote mfundishe dada wa kazi kwa vitendo, kiti kikiwa mbele yenu, yeye akifunga na kufungua mwenyewe. Usimwambie tu "uwe makini", neno hilo halina maana. Mwambie: sakafuni, afungwe, akilala mtoe hata kama nimekwambia usimwamshe. Mwambie na bibi pia, kwa adabu, maana bibi naye atasema watoto wake wote walilala popote na wakakua.

Hatua ya 10: Usafi na ukarabati

Vua kitambaa kila wiki, au mara tu kikimwagikiwa. Fua kwa sabuni ya kawaida, suuza mpaka povu liishe, anika juani mpaka kikauke hadi kwenye mishono. Fremu ifute kwa kitambaa chenye maji, kisha ikaushe. Pwani chumvi ya hewani inakula waya haraka. Ukirudisha kitambaa, rudia mtihani wa mchele, kwa kuwa ndoano iliyosahauliwa upande mmoja haionekani kwa macho. Kaza skrubu. Mkanda ukiisha, tafuta wa mtengenezaji. Pini, kamba ya nailoni na kipande cha kanga si mkanda.

Hatua ya 11: Siku ya kuacha

Utaiona mwenyewe. Anajikunyata na kuinua mabega kutoka kwenye kitambaa, anashika kingo, anajaribu kugeuka ubavu, au umemweka kwenye mkeka akakaa bila kushikwa. Yoyote kati ya hizo ikitokea, kiti kimekwisha kazi, hata kama kilo bado. Vile vinavyogeuzwa kuwa kiti cha mtoto mkubwa vigeuzwe kama maelekezo yanavyosema, na kikomo kipya cha uzito kikisomwa upya.

Kikiwa kizima, mpe jirani pamoja na mikanda yote, lebo ikiwa mahali pake, na mweleze hatua ya 9 kabla hajaondoka nacho. Kikiwa kibovu, usikiache kizima jalalani. Kata kitambaa kwa mkasi katikati na ukate mikanda, kwa sababu kiti cha mtoto hakimalizi saa mbili jalalani bila kupata mwenyewe.